Kipyego na Beseni la Mama Eddah

Msimu ule watu wa Kapseret walitoka majumbani kwenda kumtazama Kipyego akivuna ngano akiwa amesimama. Kombaini ilikuja ikinguruma kutoka upande wa uwanja wa ndege, makapi yakitimka nyuma yake, na juu kabisa kwenye usukani alionekana mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, wima kama mlingoti wa stima. Hakuketi asubuhi, hakuketi mchana.

"Huyo ndiye dereva!" alisema Wachira, mwenye duka la jirani. "Wengine wanaendesha na makalio, huyu anaendesha na macho."

"Hapo juu anaona hata panya wa ndani ya ngano," mkulima mmoja, Kimeli, akaongeza.

Kipyego aliwasikia, akatabasamu kwa shida. Ukweli ni kwamba hangeweza kuketi.

Tangu ujana wake alikuwa ameendesha kombaini ya tajiri mmoja wa mjini Eldoret. Mashine ile hukodishwa kwa ekari, na ikisimama, mwenyewe hulalamika. Kwa hiyo Kipyego alijizoeza kutoshuka. Maji hakunywa. Haja ilipombana, aliizuia hadi jioni. Chakula chake kilikuwa ugali mweupe, nyama na chai kali. Mwili ulivumilia miaka mingi, kisha mwaka ule ukakataa. Choo kilikuwa kigumu kama changarawe, akajikamua mpaka machozi yakamtoka. Ukaja uvimbe, na baada ya uvimbe, damu. Alipoiona damu alimkumbuka mjomba wake aliyekufa kwa saratani, akafunga mdomo. Alikuwa amelelewa asipepese jicho akiumia. Angeanzia wapi kuitaja sehemu ile, hata kwa mkewe Jerop?

Aliyedokezewa ni fundi wa mashine, Dennis, na yeye aliambiwa kwamba mgonjwa ni rafiki.

"Mwambie huyo rafiki yako apake kitunguu saumu kilichopondwa," Dennis alisema. "Ni kitu cha asili, bro. Hakiwezi kumuumiza."

Rafiki alipaka alfajiri ya siku ya kwenda kuvuna kwa Mama Eddah. Alitoka chooni mbio mpaka kwenye bomba la maji, na mbwa wa jirani akamfuata akibweka.

Mama Eddah alikuwa mjane, na shamba lake dogo lilikuwa la mwisho kufikiwa. Ngano ilikuwa imekauka barabara, masuke yameinama, na upande wa Timboroa mawingu yalikuwa yamejazana. Mvua ikinyeshea ngano iliyokomaa, huiangusha, na punje huota zikiwa bado kwenye suke. Mavuno yale ndiyo yalikuwa mwaka wake mzima.

Majirani walipokuwa wakimshangilia dereva, mjane huyo alimtazama jinsi alivyoshuka kukagua visu: mguu mmoja mmoja, uso umekunjamana. Alipopanda tena na kuanza kuvuna, Mama Eddah alivua kitambaa cha kichwa akakipunga mbele ya mashine.

"Nini, Mama?" Kipyego alipaza sauti. "Mvua inakuja!"

"Zima mashine."

"Mama, nikizima saa hii..."

"Hii ngano ni ya nani?"

"Ni yako, Mama."

"Basi zima, ushuke. Na usinidanganye ati unapenda kusimama. Mimi nimezaa watoto watano, Kipyego. Huyo wa mwisho alipobatizwa nilikula chakula cha sherehe nikiwa nimesimama, watu wakasema nina heshima kwa wageni. Ni bawasiri, ama si bawasiri?"

Neno lenyewe lilitoka mchana kweupe, katikati ya shamba, na mbingu hazikuanguka. Kipyego alitazama buti zake.

"Kuna damu?"

"Kidogo, Mama. Nyekundu."

"Hiyo utaenda kuonyesha daktari, usiseme ati Mama Eddah alikutibu. Lakini maji ya moto niko nayo. Beseni liko nyuma ya ghala. Yawe vuguvugu, si ya kuchoma ngozi. Kaa ndani mpaka yaanze kupoa, ukitoka ujipanguse polepole. Usitie kitu kingine, hasa kitunguu saumu."

"Nani amekuambia?"

"Nina pua, kijana yangu."

Nyuma ya ghala, mwanamume yule aliyestahiwa na kijiji kizima aliketi ndani ya beseni la plastiki. Kwanza aliuma meno. Kisha kitu kilichokuwa kimekazwa ndani yake kwa majuma mengi kikaanza kulegea, taratibu, kama fundo linalofunguliwa na mkono usio na haraka. Ndege ilipaa juu yake, akaitazama mpaka ikamezwa na mawingu. Alikuwa ametafuta dawa kali iliyofanana na maumivu yake, kumbe aliyahitaji maji matupu! Na yule aliyempa alikuwa amesimamisha mavuno yake mwenyewe mvua ikiwa mlangoni. Jambo hilo la pili lilimshangaza kuliko maji.

Alipotoka alikuta sahani ya maharagwe na mboga ya managu, ugali wa unga usiokobolewa, kipande cha papai na jagi la maji.

"Kunywa yote," Mama Eddah alisema.

"Nitahitaji kushuka tena, Mama."

"Utashuka. Haja ikikuita, mashine ni chuma, itangoja."

Kesho yake Mama Eddah aliisimamisha mashine tena ili dereva akaketi kwenye beseni. Ngurumo zilikuwa zimeanza.

"Mama Eddah!" Wachira aliita kutoka kwenye ua. "Unavuna ama unamwogesha dereva?"

"Wachira, rudi ukauze sukari!"

Mvua ilifika ikiwa imebaki kona moja tu karibu na mto. Kipyego alisimama chini ya paa la ghala akaiona ngano ile ikilala chini.

"Mama, hiyo ni juu yangu."

"Ni mvua," akajibu, akaendelea kufunga magunia.

Jioni hiyo Kipyego alimweleza Jerop yote. Jerop alilia kidogo, akamkaripia sana, kisha akampeleka kliniki mjini. Daktari alimpima akasema si saratani, ni bawasiri. Akamwambia aendelee na maji ya vuguvugu, mboga na maji mengi ya kunywa, asijikamue wala kuizuia haja, na damu ikiendelea, arudi. Majuma yalipita, uvimbe ukanywea, naye akaketi mezani na wanawe.

Msimu uliofuata tajiri alitaka kuanzia kwenye mashamba makubwa. Kipyego aliweka funguo mezani, akasema hatazichukua mpaka waanzie kwa Mama Eddah. Tajiri alifoka, kisha akakubali.

Watu walikusanyika kama kawaida. Kombaini ilifika, dereva akiwa ameketi.

"Umezeeka?" Wachira alimtania. "Mbona leo umekalia kiti kama chifu?"

"Mwaka jana nilikuwa na bawasiri, Wachira."

 Wachira alikohoa. Watu walipoanza kutawanyika, Kimeli alisogea karibu na gurudumu, akaangalia nyuma, akanong'ona:

"Hayo maji... yanakuwa moto kiasi gani?"

"Muulize Mama Eddah. Beseni ni lake."

Kipyego aliwasha mashine. Mbingu zilikuwa safi hadi Timboroa, naye akaanza na ile kona ya karibu na mto.