Somo la Volkano Kwenye Banda la Video

Asubuhi moja, kwenye banda la video mtaa wa Bagamoyo hapa Tukuyu, niliwakuta mwalimu wa jiografia na wanafunzi wake wakitazama volkano ikilipuka kwenye televisheni. Kila baada ya muda mfupi mwalimu huyo aliinua mkono. "Simamisha!" Kisha aliwauliza wanafunzi wameona nini.

Mwenye banda akachoka. "Mwalimu, utaniulia deki yangu ya video. Sinema haikatwikatwi hivi."

"Hili ni somo, kaka," alijibu bila kushusha mkono. "Simamisha."

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na Mlima Rungwe wetu huu utalipuka?"

Mwenye banda akazima sauti, akavuta kiti, akasubiri jibu. Wanaodhani deki peke yake inatosha kufundisha, natamani wangemwona mwenye banda alivyomkazia macho mwalimu.