Siku Waliyochoma Gitaa la Baba

Fundi wa samani aliyehamia jirani yangu hapa Embulbul ana tabia ya kuchoma vipande vya mbao mbovu kila jioni. Wakati mwingine mbao hizo huwa zimepakwa vanishi, na vanishi ikishika moto hutoa harufu tamu kidogo, nzito, inayokwama kooni. Majirani wengine hulalamikia moshi. Mimi nikiinusa tu hasira zinanipanda, nafunga madirisha kwa kishindo, na watoto wangu wanatazamana kwa sababu wanajua jioni hiyo chai itanywewa kimya. Fundi wa watu hana kosa lolote. Kosa ni la watu wengine, tena watu waliovaa suti, na nimelinyamazia jambo lao kwa muda mrefu kuliko walivyostahili.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Kitengela. Msiifikirie Kitengela ya sasa yenye magorofa na misongamano. Ile yetu ilikuwa barabara ya Namanga, maduka pande mbili, na nyuma ya maduka nyasi tupu mpaka macho yachoke. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha saruji kule Athi River, na Mama aliuza mboga mbele ya nyumba tuliyopanga. Walikuwa wametoka Ukambani kutafuta riziki, kama nusu ya mtaa wetu. Wiki nzima Baba alirudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye kope, hasemi sana. Lakini Jumapili ilipofika alitoa gitaa lake chini ya kitanda, akalipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, na hapo ndipo tulipokuwa na baba mwenye sauti.

Gitaa hilo lililia katika ukumbi wa Mzee Lemayian. Mzee huyu alikuwa Mmaasai mrefu, mpole, na alikuwa ameujenga ukumbi kwa mawe ya machimbo akikusudia kuweka nyasi kavu za ng'ombe wake. Kabla hajaweka hata tita moja, kanisa lisilokuwa na jengo lilimwomba nafasi ya Jumapili asubuhi. Muda si muda, bendi ya benga nayo ikamwomba nafasi ya Jumapili mchana. Mzee Lemayian hakuona tatizo.

"Asubuhi mnaimba, mchana mnaimba," aliwaambia. "Si ni watu tu?"

Ukumbi ulikuwa na milango miwili. Wa kanisa wakitokea mlango wa mashariki, wa benga walikuwa tayari wanaingilia ule wa magharibi, na katikati watu walipeana mikono na kuulizana habari za nyumbani, kwa maana wengi walikuwa ndugu na majirani. Mabenchi yalisukumwa ukutani. Kitambaa kikubwa kilichotundikwa mbele kiligeuzwa: upande mmoja kilikuwa na mstari wa Biblia, upande wa pili jina la bendi, kwani mwenye kukichora alikuwa amekataa kupoteza kitambaa kizuri hivyo kwa maandishi ya upande mmoja. Spika zilibaki pale pale. Mpiga ngoma alibaki pale pale, akivua koti tu. Na Baba alibaki pale pale na gitaa lake, kwa sababu hakukuwa na mpiga gitaa mwingine asubuhi wala mchana.

Nimeingia kumbi nyingi tangu hapo, zenye mataa ya rangi na viti vya sponji, na sijasikia muziki uliokaa vizuri kama mle. Besi ilipoanza, misumari ya mabati ilitetemeka na vumbi laini likashuka kwenye miale ya jua. Upepo wa nyikani uliingia mlango mmoja ukatokea mwingine, kwa hiyo hapakuwa na ule mvuke wa jasho. Akina mama walikuja na watoto mgongoni. Hapakuuzwa pombe, maana Mzee Lemayian alisema mlevi angemwangushia ukuta. Palikuwa na soda na mahindi ya kuchoma, na sisi watoto tulicheza mbele kabisa, miguu mitupu, mpaka nyayo zikawa nyeusi.

Mama aliimba kwaya asubuhi. Alivaa kitambaa cha kichwa cheupe chenye ukingo wa buluu, alama ya akina mama wa ushirika, na alikipata baada ya kufundishwa na kuombewa mbele ya watu wote. Ibada ikiisha alikikunja mara nne, akakitia mkobani, akasimama karibu na mlango wa magharibi. Benga ikianza, mabega yake yakaanza yenyewe. Hakuinua miguu sana. Alicheza kwa mabega, macho ameyafumba nusu, na mimi nilidhani anafanya hivyo kumfurahisha Baba.

Sasa, wapenzi wa benga mnajua habari ya salamu. Wimbo ukifika katikati, gitaa likiwa limekolea, mwimbaji anaacha hadithi ya wimbo na kuanza kusalimia watu waliopo, mmoja mmoja, kwa jina na kwa lile linalomtambulisha. Baba alikuwa bingwa. Aliwasalimia wa kichinjioni, akamsalimia dada aliyefika jana kutoka Tala na sanduku lake la buluu, akamsalimia hata Mzee Lemayian kwa majina ya ng'ombe wake watatu aliowapenda. Mtu akitajwa alisimama akainua mkono, na ukumbi mzima ukamshangilia. Kuna watu waliofanya kazi za kudharauliwa wiki nzima, hakuna aliyewaita kwa jina, ila mle ndani Jumapili saa tisa.

Kati ya waliosalimiwa alikuwamo Bwana Musembi, mzee wa kanisa. Bwana Musembi alikuwa na ugonjwa wa kusahau Biblia yake. Kila Jumapili aliisahau chini ya benchi, na kila Jumapili mchana alirudi kuitafuta, na kuitafuta kwenyewe kulimchukua mpaka jua linaelekea kuzama. Huku akitafuta, alicheza vizuri sana. Sote tulijua, na hakuna aliyemsema, kwani alikuwa anafurahi na hakuwa anamdhuru mtu.

Kisha ikaja asubuhi moja ya ibada, siku ya mavuno, kanisa limejaa mpaka nje. Wimbo wa sifa ulinoga ukakataa kwisha. Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku bila kulala, vidole vinatembea vyenyewe, na wimbo ulipofika katikati mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya. Akasogea kwenye kipaza sauti na kuita kwa furaha:

"Nasalimia Bwana Musembi! Alicheza hapa Jumapili iliyopita mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka!"

Na Bwana Musembi, Mungu ambariki, naye kwa mazoea akasimama na kuinua mkono.

Kanisa lilicheka. Lilicheka mpaka akina mama wakashikana. Mimi nilicheka nikaanguka chini ya benchi. Kama mchungaji wetu angecheka pia, mambo yangeishia hapo, na mimi leo ningekuwa nafungua madirisha. Lakini hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akatutazama safu kwa safu, halafu akasema tumeona wenyewe vile shetani anaingia nyumba ya Bwana kupitia nyuzi sita.

Katikati ya wiki walikuja nyumbani, mchungaji na wazee watatu, Bwana Musembi akiwa mmoja wao, ameinamisha kichwa. Walikunywa chai ya Mama. Walikula viazi vitamu vyake. Halafu wakamwambia alete kitambaa chake cha kichwa.

Baba hakuwa na cheo chochote kanisani, hakuwa na kitu wangeweza kumnyang'anya. Kwa hiyo walimnyang'anya Mama. Nakasirika hata ninapoandika. Mtu ametenda, kama ni kutenda, na anayeadhibiwa ni mkewe, kwa sababu yeye ndiye mwenye kitu cha kuchukuliwa! Mama alienda chumbani akakileta, kimekunjwa mara nne, akakiweka mezani karibu na sahani za viazi. Mchungaji alimgeukia Baba.

"Mama atarudishiwa," alisema, "siku ile hiyo gitaa itachomwa mbele ya watu. Hauwezi kupigia Mungu asubuhi na dunia mchana."

"Hii gitaa haina kanisa, Mchungaji," Baba alijibu taratibu. "Ni mbao tu. Si mimi ndiye niko na makosa? Nifanyieni mimi."

"Ni gitaa," mchungaji akasema, na wakaondoka.

Baba alivumilia majuma machache. Alimwona Mama anakaa benchi la nyuma, kichwa kitupu, na wanawake aliowauguza na kuwazalisha wanampita wakitazama pembeni. Mama hakulalamika hata mara moja, na ukimya wake Baba aliusoma kuwa huzuni ya kitambaa. Hata mimi niliusoma hivyo. Basi Jumapili moja akalibeba gitaa kanisani akiwa amelishika mikononi, si begani kama alivyozoea.

Walilichoma nje ya ukumbi, adhuhuri, baada ya ibada. Wa asubuhi walisimama upande wa mashariki wakiimba. Wa mchana walikuwa wameanza kufika, wakasimama magharibi na soda zao mkononi, hawaelewi. Mafuta ya taa yalimwagwa. Vanishi ilishika kwanza, ikatoa ile harufu, halafu nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine, na kila uzi ulilia kabla ya kukatika. Mchungaji akasema tusikie shetani anavyolia. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kwamba huo ulikuwa mlio wa uzi wa chini, ule ambao Baba aliukaza kila Jumapili kabla ya wimbo wa kwanza wa ibada.

Mzee Lemayian alifika na fimbo yake. Nilimwendea nikainamisha kichwa, naye akaniwekea mkono utosini kama walivyosalimia watoto kwao. Mkono wake haukutoka haraka.

"Sopa, mtoto," alinisalimia kwa Kimaasai. "Hii kitu imekosea nani?"

Mbele yetu mchungaji alikuwa anamfunga Mama kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, na watu wanapiga makofi, na Baba anatazama majivu.

Jumapili iliyofuata ibada ilianza bila gitaa. Ngoma peke yake ilisikika kama mtu anayepigilia misumari. Kwaya ilianza juu mno, ikashuka, ikapotea. Baada ya nyimbo mbili za aibu, mchungaji alimfuata Baba pale alipokaa, akainama, na mimi niliyekuwa kando yake nikamsikia vizuri akimwuliza kama hana rafiki wa kumwazima gitaa, la muda tu, la kumtukuzia Bwana.

"Niliwapatia ile nilikuwa nayo," Baba alisema. Na hakukanyaga tena mle ndani.

Benga nayo ilikufa. Bendi ilijaribu wapiga gitaa wengine, lakini hawakujua majina ya watu. Walipiga vizuri, wakamaliza wimbo, wakaanza mwingine, na hakuna aliyesalimiwa. Kidogo kidogo watu wakaacha kuja. Mzee Lemayian akabaki na mpangaji mmoja wa nusu siku, na miaka ya elfu mbili ilipoingia, kila mtu Kitengela akiimba ploti, ploti, kanisa likamwendea likiwa tayari kununua. Aliuza. Palizungushwa ukuta wenye vipande vya chupa juu, na mlango wa magharibi ukazibwa kwa mawe.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipokuja kuelewa. Bwana Musembi ndiye aliyenieleza, siku nilipokutana naye stendi, amezeeka, miguu imevimba. Alisema kanisa lilikuwa limemwomba Mzee Lemayian ule ukumbi uwe wake peke yake mapema, kabla ya kile kicheko cha siku ya mavuno, na mzee alikataa kwa kuwa wa mchana hawakuwa na pa kwenda. Basi mchungaji akawa anangoja sababu, na sababu ikamwangukia kutoka kwenye kipaza sauti. Yaani tuliimba tukizunguka moto ule tukidhani ni vita vya roho, kumbe ni vita vya ploti! Na shetani wa watu alisingiziwa bure.

Baba alifariki bila kununua gitaa jingine. Baada ya mazishi nilikaa na Mama jikoni, tunachambua maharagwe, na kwa mara ya kwanza nikamwambia nilivyomwona Baba shujaa: kwamba alikubali kulichoma gitaa ili yeye arudishiwe heshima yake kwa akina mama. Niliyasema kwa kumfariji. Mama aliendelea kuchambua, akitupa mabovu pembeni, na mabega yake hayakutikisika kabisa.

"Kwani mimi nililia kitambaa?" alisema mwishowe. "Ulisikia nikilia? Mchungaji hakuniuliza. Wale wazee walikula viazi zangu na hawakuniuliza. Baba yako, na vile alikuwa ananipenda, hakuniuliza." Akaisukuma sinia mbele yangu. "Wangeniuliza, ningewaambia wachome kitambaa."