Nyumba Mbili Nilizoziacha Mpaka Pasaka

Umeniambia, mwanangu, kwamba siku ya pili ya Krismasi utawaita marafiki zako kwako mcheze kadi, na unataka viti vyangu vya sebuleni. Viti nitakupa. Lakini kabla hujavibeba, keti kwenye kimoja unisikilize, maana zikitajwa karata na Krismasi mimi huikumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani mdogo kwenye shamba la mkonge huko chini. Kama vijana wengi wa mlima huu wa Sagalla wenye kazi, nyumbani nilionekana mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka. Mwaka huo nilipanda mlima na shati jipya, redio ya betri na pakiti ya karata za plastiki, zile ambazo hata zikimwagikiwa na chai unazipangusa tu. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nikawaita marafiki wanne niliosoma nao waje siku ya pili ya Krismasi, nikamwambia mama nitawachezesha karata na kuwalisha. Mama akachinja kuku wawili, akapika kimanga cha muhogo uliopondwa na maharagwe. Maji ya kupikia na ya kunawa alianza kuyateka siku mbili kabla, kwa sababu shida ya maji ya mlima huu haikuanza na nyinyi.

Kati ya wale wanne, wa karibu zaidi alikuwa Mwadime. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wakati huo alikuwa akiendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja, akishusha watu na mboga hadi Voi. Alikuwa mtulivu, mtu wa maneno machache, na mimi ndiye niliyezoea kusema kwa niaba yake.

Mchezo wenyewe ni huu huu wenu. Unaweka karata inayolingana na iliyo mezani kwa alama au kwa namba, na ukibaki na moja unatangaza, "Niko kadi." Basi Mwadime akaanza kukosea. Mezani pana kopa, yeye anaweka uru ya namba nyingine. Mara ya kwanza tulicheka, akairudisha. Mara ya pili Mghoi, msichana mchangamfu tuliyesoma naye, akamwambia aache ujanja. Mara ya tatu alikuwa ametangaza yuko kadi. Akaweka uru juu ya kopa, akafungua viganja kuonyesha kwamba amemaliza.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji na nilitaka watu wafurahi. Nikasimama nikasema, "Kumbe nimekaribisha mwizi. Mama, ficha vijiko." Walicheka mpaka wakatoa machozi. Nami kwa kuona wamecheka, nikarudia.

Mwadime hakubishana. Alisukuma karata katikati ya meza, akasema anaenda kuangalia gari, akatoka.

Mama aliingia na beseni la kunawa. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza Mwadime yuko wapi. Nikamweleza, bado nacheka. Aliliweka beseni chini, akarudi jikoni, akafunika sufuria.

"Hapa hakuna atakayekula," akasema. "Umemwita mtu kwako, nimemtekea maji, sasa anatoka na njaa na jina ulilompa wewe. Mfuate."

Nilimkuta kwenye kona ya barabara, ameketi kwenye jiwe kando ya pikapu. Nikamwambia turudi, ulikuwa mzaha tu.

"Kopa na uru sizitofautishi," akasema bila kuniangalia. "Naona wekundu tu. Ni tangu mwezi wa nane. Hii barabara naishuka kwa mazoea."

Siku mbili kabla alikuwa amewashusha watu wa kwaya. Nikamwambia asiwashe gari hilo tena, akasema anajua, na kwamba kesho yake angeenda mwenyewe kumwambia mwenye gari. Aliniomba kitu kimoja: habari ya macho nisiitoe mpaka aniruhusu. Kurudi kula alikataa.

Niliporudi nyumbani wageni walikuwa wameshaondoka. Nani angeketi mahali sufuria imefunikwa? Mama alipakua sahani ya Mwadime kabla ya zetu, nikaipeleka mwenyewe hadi kwao. Kisha akanipa kazi nyingine. "Jina hilo ulilisema mbele ya watu watatu," akaniambia. "Utaenda kwa hao watatu, kwao, uketi, uwaambie kwamba Mwadime hakuiba na wewe ndiye uliyekosa. Habari ya macho si yako, iache."

Nilienda kwa mmoja. Wa pili kwao ni Marungu, chini ya mlima, nikaona ni mbali na jua ni kali. Wa tatu ni Mghoi, na hapo nitakuambia ukweli ambao mama yako ameshaucheka vya kutosha: nilikuwa nampenda Mghoi, na sikutaka anione mtu wa kuomba radhi. Likizo ikaisha. Nikajiambia hao wawili nitawaona Pasaka, maana sisi tuliofanya kazi mbali kila jambo la nyumbani tulilisogeza mpaka sikukuu inayofuata.

Mwadime aliacha gari kama alivyoahidi, na mwenye gari akamtunzia siri. Watu wakaona dereva hana gari, na sababu walikuwa nayo tayari: lile jina nililompa mimi. Mwezi wa tatu kanisa likamaliza kujenga tangi la maji, akatafutwa mtu wa kushika ufunguo, awafungulie watu kwa zamu. Mwadime aliomba. Kazi ile macho yake yangeimudu, na alikuwa na mke na mtoto mchanga. Kwenye mkutano mtu akauliza, "Huyu si ndiye yule mwizi?" Hakuna aliyekumbuka kwamba neno lilitoka kwenye mchezo wa karata. Walikumbuka neno tu. Ufunguo akapewa mwingine.

Nilifika Pasaka nikamkuta kwenye foleni ya tangi hilo, na mtungi wake, wa mwisho kabisa. Nikamuuliza, akanieleza pole pole.

"Nilikungoja useme," akamalizia.

Hayo maneno mawili yaliniuma kuliko kama angenipiga. Niliona aibu ambayo mpaka leo inanirudia nikisikia maji yakiingia mtungini. Aliniruhusu niseme yote. Siku hiyo hiyo nilienda kwa Mghoi, kesho yake nikateremka Marungu, kisha nikaomba nafasi mbele ya kamati ya tangi. Walinisikiliza kwa heshima. Mzee mmoja akasema, "Ungekuja Januari," wakaendelea na mambo mengine. Ufunguo ulimfikia Mwadime baada ya miaka mitatu, aliyekuwa nao alipohamia Mombasa.

Sasa unajua kwa nini kila siku ya pili ya Krismasi natoka hapa na pakiti ya karata mfukoni. Naenda kwa Mwadime. Haoni kabisa siku hizi. Tunacheza na wajukuu zake, nami huketi ubavuni pake, namnong'oneza karata zake moja moja, na mimi mwenyewe nimo mchezoni nina zangu. Nikitaka kumshinda kila mwaka naweza. Mwaka jana mjukuu wake mmoja alimwambia, "Babu, huyu si anaona kadi zako zote? Atakuibia." Mwadime akamjibu, "Huyu hawezi," akaninyooshea mkono wenye karata nimsomee inayofuata.

Basi sikiliza. Ukiwaita watu kwako, kila mmoja wao yuko mikononi mwako mpaka atakapofika kwao, na yule anayekosea mchezo ndiye wa kumtazama kwanza, kwa upole, kabla hujatafuta kicheko. Na ukishamkosea mtu mbele ya watu, usiniambie umemwomba radhi pembeni. Rudi kwa kila aliyesikia, wiki hiyo hiyo, kwa miguu yako. Usingoje sikukuu nyingine.

Haya, beba viti. Karata zangu sikupi, nitakuwa nazihitaji siku hiyo. Mungu akujazie nyumba watu, mwanangu, na kila atakayeingia kwako atoke ameshiba, na jina lake likiwa zima kama alivyoingia nalo.