Nyuso za Benchi la Mbele

Kikanisa cha shule ya kijeshi kilinuka rangi ya viatu kuliko ubani. Jumapili asubuhi kadeti walifika wamesugua buti zao mpaka zinang'aa, na harufu ile nzito ikachanganyika na nta ya mishumaa, ikakukaa kooni hadi saa ya chakula. Baba yangu alikuwa sakristani pale, mtunza kikanisa na vyombo vya misa, raia kati ya askari, nasi tuliishi katika nyumba ya matofali nyuma ya sakristia, kusini mwa Bujumbura, barabara ya Musaga ikivuma huko chini. Nilikuwa na miaka kumi, na vita vilikuwa vilimani. Katikati ya mahubiri ungesikia mizinga ikigonga juu kule, padri akanyamaza kidogo, kisha akaendelea alipoachia. Nilikipenda kikanisa kile, sitaficha. Vioo vyake vya njano na buluu viliwamwagia rangi usoni wale vijana, na hapo ndipo nilipojifunza uchoraji, kabla ya mwalimu yeyote kunishika mkono.

Nilichora kwa kalamu ya wino, nyuma ya karatasi za nyimbo zilizokwisha kazi, nimeketi kwenye kigoda kando ya altare ili niwaone vizuri walio mbele. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye masikio makubwa. Alicheka sana alipojiona. Wiki chache baadaye nafasi yake ilikuwa tupu. Pale palikuwa na desturi: kadeti akifa vitani, hakuna anayekalia nafasi yake mpaka mwaka wa masomo uishe. Wenzake waliacha pengo la mtu mmoja, wakaimba hivyo hivyo, na nakuapia lile pengo lilisikika ndani ya wimbo. Nikamchora wa pili, yule asiyeacha kutikisa goti. Pengo. Nikamchora wa tatu, na wa nne. Mapengo.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nani alianza kulisema sijui, ila neno lilitembea mabwenini kwamba binti wa sakristani huchora watu wa kufa. Jumapili moja niliinua kalamu, na benchi zima la mbele likainua vitabu vya nyimbo, likafunika nyuso. Wala hawakuwa wakiimba. Padri alikuwa anasoma Injili. Vijana wenye bunduki, wanajificha wasionwe na mtoto mwenye soksi zilizotoboka! Leo ningecheka. Siku ile niliitazama mikono yangu kama si yangu. Baba alizichukua karatasi zangu zote bila kunichapa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana nilijua naye ameamini.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, mapengo yalijazwa, na kaka yangu Deo, naye kadeti, akahamia benchi la mbele. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imechomwa pamoja na picha zote, hivyo mama hakuwa na picha ya mtu yeyote duniani. Siku moja baada ya misa Deo alibaki peke yake kwenye benchi, akaniita, akanitolea kalamu mfukoni.

"Nichore, Spesi. Kesho kutwa tunapanda huko juu. Mama abaki na kitu."

"Apana."

"We mutoto, nawe unaamini maneno ya wale?"

"Mi sitaki. Ukirudi nitakuchora."

Alinivuta sikio kidogo, akaenda zake. Hata wakati ule sikumtazama usoni, nikiogopa macho yangu yasije yakamchora yenyewe. Nilitazama vifungo vya shati lake. Wiki ya tatu ilikuja Jumapili yenye pengo lake, nami ambaye sikuwa nimechora mstari hata mmoja nikatoka nje kabla wimbo haujaisha.

Nilikuwa mtu mzima nilipopata moyo wa kumuuliza baba kwa nini walikufa wale niliowachora. Alinijibu kwa uchovu, kana kwamba kila mtu anajua: benchi la mbele lilikuwa la wale wa mwaka wa mwisho, na wa mwaka wa mwisho ndio waliotangulia kupelekwa vitani. Nilikuwa nawachora waliokaa karibu nami, basi. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema siku zile hofu ilikuwa imetula akili sote. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu namlea mpaka leo.

Siku hizi Bujumbura mtu hulala bila kuhesabu milio. Kikanisa kimepakwa rangi upya, na kadeti hujipiga picha kwa simu mlangoni, mia kwa siku. Baba hakuzitupa zile karatasi. Mama wa yule mwenye masikio makubwa alikuja kutoka Gihosha, nikamchorea mwanawe kwa rangi za mafuta, akaibusu turubai. Wengine nao wamekuja. Mama yangu huwapikia chai, hukaa nao, huwatazama wakilia kwa furaha. Deo nimemchora mara saba. Uso wake umenitoroka, kwa hiyo huwa naazima pua ya baba na paji langu mwenyewe. Kila mara mama huvaa miwani, hutazama kwa muda mrefu, kisha hunishika bega ili nisiumie.

"Ni muzuri," husema. "Ila uyu si yeye."