Mstari wa Mwisho wa CV

Dada wa steshenari iliyo karibu na stendi alikuwa na CV moja kwenye kompyuta yake, na sisi wote tuliomaliza chuo tukarudi Babati tuliivaa hiyo hiyo kwa zamu. Unakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yake, anafuta jina la aliyetangulia, anaandika lako, anabadilisha shule, anabadilisha chuo, anakuuliza kama umeolewa, kisha mashine inatoa karatasi zenye joto. Mimi muda wote huo nilikuwa natazama nje. Mawingu yalikuwa yameukalia mlima Kwaraa hadi kiunoni, na nilikuwa najiuliza kama mlima ukifunikwa unabaki pale pale au sisi tunaamini tu. Ndivyo nilivyo. Chuoni Dodoma mhadhiri mmoja aliwahi kuniomba nimwachie angalau dakika kumi afundishe.

Kwa hiyo naona aibu kusema kwamba mimi, ninayehoji hata mlima, niliituma CV ile bila kuisoma hadi mwisho.

Niliisoma siku nilipopigiwa simu. Shirika moja lilikuwa linatafuta watu wa kwenda kuwahoji wafugaji wa Simanjiro na Kiteto kuhusu maji na malisho. Mwaka mzima wa kuuliza maswali, na unalipwa. Mwanamke aliyepiga alisema usaili ni baada ya siku kumi, hapa hapa mjini, nije nimejiandaa kuzungumzia kila kilichoandikwa kwenye CV yangu. Akarudia: kila kilichoandikwa. Nikaitoa nakala yangu kwenye bahasha. Chini kabisa, baada ya lugha ninazozijua, kulikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwamba wakati wa mapumziko ninapenda opera, baleti, filamu na kusafiri.

Nilirudi steshenari siku hiyo hiyo.

"Dada, hii opera umeitoa wapi?"

Aliinama kusoma. "Ah, hiyo. Ilikuja na fomu. Huwa naiacha."

"Unaiachaje na hujui ni nini?"

"Inajaza ukurasa," alisema, tayari anafuta jina la mtu mwingine. "Bila hiyo karatasi inabaki nyeupe chini. Mtu anaonekana hana maisha."

Nyumbani kwetu Nangara mama anashonea barazani, kwa cherehani ya miguu. Wateja wanamwita kwa jina langu, Mama nani, kama ilivyo kwa kila mama hapa, kwa hiyo kila anayemjulia hali ananitaja na mimi. Mwaka huo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Ikifika saa kumi anavua kandambili na kuiegemeza miguu kwenye gunia la mbaazi, huku akimwambia mteja kwamba binti akipata kazi atanunua cherehani ya umeme, nguo zitakuwa zinatoka siku hiyo hiyo. Alisema hivyo mbele yangu, bila kunilaumu. Ndiyo maana ilinichoma.

Nilimweleza habari ya mstari.

"Futa," alisema.

"Wameshausoma, mama."

Alikata uzi kwa meno. "Basi vipende. Una siku kumi."

Nikanunua bando. Nilikuwa na hakika ningecheka, na kweli mchana wa kwanza nilicheka. Mwanamke mnene amesimama peke yake mbele ya ukumbi mkubwa, mikono imefunguka, analia kwa wimbo. Nani analia hivyo? Nani anayelia anakumbuka kushusha pumzi mahali panapofaa? Niliweka simu kwenye ukingo wa baraza, nikaanza kumwonyesha mama makosa yote. Mvua ilikuwa inaanza, ile nyepesi inayogusa bati kama mtu anayetafuta mlango. Kisha nikagundua kwamba cherehani imenyamaza.

"Hana maiki?" mama aliuliza.

"Hana. Hawa wanaimba bila maiki."

"Na wale wa nyuma kabisa wanamsikia?"

"Wanasema wanamsikia."

Alisikiliza tena, mguu umesimama juu ya pedali. "Mama yangu alikuwa anatuita hivyo," alisema. Mama alikulia juu kwenye nyanda za Mbulu, nyumba huku, shamba ng'ambo ya bonde. "Huwezi kupiga kelele. Kelele inaanguka katikati, haifiki. Unaivuta. Unaivuta mpaka bonde lenyewe linaichukua."

"Hebu vuta nisikie."

"Hapa mjini? Watu waje na khanga wakidhani kuna msiba?"

Baadaye akauliza yule mwanamke anasema nini. Nikamwambia sijui, ni Kiitaliano.

"Amepoteza kitu," mama alisema.

"Umejuaje? Labda anafurahi. Ngoja nitafute maneno yake."

"We nyamaza tusikilize."

Nilinyamaza. Sijui ni mvua au ni nini, lakini kuna sehemu sauti ile ilipanda, ikakaa juu, ikakataa kushuka, na nikahisi kama mtu ameinua kidogo kona moja ya paa letu ili mwanga uingie. Nilitafuta sababu ya kutoamini. Nilikuwa nazo nyingi, ila zote zilikuwa mbali, kama vitu vilivyo kwenye chumba kingine.

Siku zile zimechanganyika kichwani mwangu. Nakumbuka nikitembea kandokando ya Ziwa Babati asubuhi, sikioni kuna wanaume wenye sauti nzito wanaoimba kwa pamoja, na majini viboko wanaguna, na kwa muda mrefu sikuweza kusema nani anamjibu nani. Nakumbuka mbaazi zilizochanua maua ya njano, na wasichana wa baleti waliokuwa wakikimbia kwa ncha za vidole kama ardhi ni ya moto. Hao mama aliwatazama kwa jicho la kazi.

"Sketi hiyo ni neti," alisema. "Tena si chini ya yadi kumi na mbili. Angalia inavyosimama. Nani aliishona?"

"Hawaandiki jina la fundi."

"Hawaandiki?" Alisikitika kweli. Ana mabaki ya neti ya sare za harusi kwenye mfuko juu ya kabati. Kesho yake nilimkuta ameitandaza mapajani, anaikunja na kuikunjua, hakuna anachoshona.

Filamu sikuwa na shida nazo. Nilikulia kwenye banda la video, ambako jamaa mmoja alikaa pembeni ya skrini akitafsiri Kichina kwa sauti kubwa, na kwa tafsiri yake Wachina wote walikuwa na ndugu Bonga, kijiji cha hapa jirani. Nilipokuwa darasa la tano nilimuuliza Kichina amejifunzia wapi. Nilitolewa nje kabla filamu haijaisha.

Kilichobaki ni kusafiri. Nilifikiri nikagundua kwamba sijawahi kusafiri. Nimekwenda chuo na kurudi, nimekwenda kuuguza, nimekwenda kuzika. Hata tunaposema tunakwenda kutembea, tuna maana tunakwenda kwa mtu, atatupikia wali. Basi siku ya saba nikasimamisha bodaboda, nikasema nipeleke Bonga.

"Bonga kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda tu."

Akazima pikipiki ili anitazame vizuri. "Sista, nyumbani hamjagombana?"

Nilishuka kando ya barabara ya Dodoma, mahali nilipopita mara nyingi nikiwa ndani ya basi, na sikuwahi kupakanyaga. Mama mmoja alikuwa anachoma mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Msiba uko wapi?"

"Hakuna msiba. Nimesafiri tu, naangalia."

"Umetoka wapi?"

"Nangara."

Aligeuza mahindi yote, moja moja, mabega yakimtikisika. "Kaa basi upumzike mwanangu," alisema. "Umetoka mbali."

Nikakaa pale kwa muda wa saa mbili hivi. Mabasi yalipita na kwenye kila dirisha kulikuwa na uso unaotazama nje, na nyuso kadhaa zilinitazama mimi, na mimi kwao nilikuwa Bonga. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha. Nilirudi na mahindi mawili na usingizi mtamu, na mama hakuuliza nilikuwa kwa nani.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Wanaume wawili, na katikati mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alipofungua mdomo niliijua sauti ya simu. Waliuliza kuhusu utafiti, kuhusu hesabu, kama naweza kulala bomani kwa wafugaji wiki nzima bila chaji. Nilijibu vizuri. Kisha akageuza ukurasa.

"Binti, leo wewe ni wa nne unayependa opera na baleti," alisema. "Babati hii hii."

Wanaume wawili wakaangalia meza.

"Wa kwanza amesema anaipenda kwa sababu haili bando." Huyo alidhani ni programu ya Opera, ile ya kufungulia intaneti kwenye simu. "Wewe je?"

Nilikuwa nimekariri jibu zuri lenye historia ndani yake. Nikamwona akilini mama yangu, miguu juu ya gunia. Ningeweza kulisema lile jibu na labda lingetosha. Lakini kama kazi yenyewe ni kwenda kwa watu kuwauliza ukweli wao, nitaanzaje?

"Siku niliyotuma CV hii sikuwa nimewahi kuisikia," nilisema. "Mstari huo ulikuja na fomu ya steshenari, na sikuusoma."

"Na sasa?"

"Sasa nimesikiliza siku tisa. Na mama yangu."

"Mkasikia nini?"

Nikawaeleza habari ya bonde, sauti isiyopigwa bali inayovutwa. Mwanaume wa kushoto, ambaye hakuwa amesema neno tangu aniulize kuhusu chaji, akasema taratibu, kwa lafudhi ile ile ya mama yangu, "Ni kweli. Kelele inaanguka katikati."

"Na huyo mwimbaji alikuwa analilia nini?" mama wa miwani aliuliza.

"Sijui."

"Hukutafuta? Hapa umeandika wewe ni mtafiti."

Hilo lilinipata. "Nilitaka kutafuta, mama akasema ninyamaze. Halafu nikaogopa kwamba nikishajua nitaacha kusikiliza."

Aliandika kitu kirefu. Nilijaribu kukisoma kichwa chini miguu juu, sikuweza.

"Na kusafiri?"

"Nimefika Bonga."

Walicheka wote watatu. Kisha akasema lile neno tunalolijua sote, kwamba watanipigia.

Siku sita hawakupiga. Mama hakuuliza. Alizungusha cherehani, akavua kandambili, akainua miguu, na habari ya cherehani ya umeme hakuwatajia tena wateja, jambo lililoniuma kuliko kama angeuliza. Siku ya saba niliacha simu nyumbani kwenye chaji nikaenda steshenari.

"Toa baleti," nilimwambia dada. "Toa kusafiri. Na filamu pia toa."

"Opera nayo?"

"Iache."

"Opera peke yake? Chini patabaki peupe."

"Acha paonekane."

Nilirudi kwa njia ya mashambani, karatasi bado zina joto mkononi. Mbaazi zilikuwa zimenipita urefu, hivyo nyumba yetu sikuiona. Niliisikia. Mwanzoni nilidhani nimesahau spika za masikioni, nikayagusa masikio yangu, hayana kitu. Sauti ilikuwa inatoka upande wa baraza, juu ya mashamba yote, haipigi kelele hata kidogo. Ilikuwa inaliita jina langu, ambalo ndilo jina lake pia, imelivuta mpaka limekuwa refu kuliko njia niliyobakiza. Nyuma yake yakafuata maneno, nayo yamevutwa: wamepiga, wamekuchukua, Jumatatu.

Ilibidi niitike. Mtu akiitwa hivyo anaitika, mama aliniambia, ili anayeita ajue imefika. Lakini nilisimama kati ya mbaazi, mdomo wazi, sikusema kitu, kwa sababu nilijua nisipoitika ataita tena.

Akaita tena, na safari hii alilivuta mpaka kuku wa jirani wakanyamaza.