Namba Mbili Ndani ya Tairi

Harufu ya poda ya watoto wachanga ikinipitia puani, hata sokoni katikati ya samaki wakavu, narudi moja kwa moja kwenye uwanja wa shule yetu ya Lubumbashi, siku ya proklamasyo. Ninyi mliosomea kwetu mnaijua: matokeo yanasomwa kwa sauti mbele ya wazazi, na mtoto aliyefaulu anamwagiwa poda mpaka anafanana na andazi lililoangukia unga. Kiangazi kilikuwa kimekaza, baridi ya asubuhi inauma masikio, na vumbi jekundu limeshapanda kwenye soksi zetu nyeupe.

Mwaka ule mwalimu wetu wa hesabu alitaka wazazi waone tulichojifunza kabla ya matokeo kusomwa. Siku za mazoezi alichora mstari mrefu wa chokaa uwanjani, akatupanga juu yake, kila mtoto na namba yake kifuani, kuanzia sifuri hadi tisa. Kisha angetangaza: "Zote zenye kuwa kubwa kupita mbili, na ndogo ao sawa na saba!" Kwenye saba aliweka kifuniko cha sufuria, maana saba imo. Kwenye mbili aliweka tairi kuukuu la pikipiki, tupu katikati, maana mbili haimo. Hesabu inaanza baada yake. Tatu mpaka saba wangeinua mikono na kupiga kelele, "Miye niko!" Walio nje kabisa wangekaa chini wapumzike.

Mbili nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimama ndani ya tairi, nishike ncha ya kitambaa chekundu kilichonyooshwa hadi saba, na nisiseme neno.

Iliniuma sana. Baba alikuwa anapakia mizigo ya ndege kule Luano, hakuwahi kupata ruhusa ya kuja shuleni, na safari hii alikuwa ameipata. Nilitaka anisikie nami nikipiga kelele. Nilimwomba mwalimu anibadilishe. Akasema bila mbili hakuna atakayejua pa kuanzia. Maneno matamu, lakini hayakunituliza hata kidogo.

Siku ikafika. Wenzangu wakapaza sauti, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikasimama kimya, macho kwenye viatu. Mara nikamwona baba, na kizibao chake cha kazi kinachong'aa, anaukata uwanja katikati ya somo. Matokeo hayajasomwa! Akafungua kopo la poda akanimwagia lote, kichwani, mabegani, hadi tairi likawa jeupe.

"Huyu njo wa kwangu!" akapaza sauti. "Ule mwenye iko na pneu yake, yeye peke!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mwalimu alishika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwetu ukawa utani wa miaka. Mjomba alimbatiza Papa Pneu, yaani Baba Tairi, na kila akimaliza kucheka alisema, "Asiyejua maana haambiwi maana." Baba alicheka pamoja nao, akaomba aongezewe bukari, ugali wetu.

Juzi niliwasimulia wanangu kisa hicho, nikiigiza mwendo wa babu yao. Watoto walivunjika mbavu. Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea na anachambua majani ya sombe pembeni, hakucheka.

"Baba yako alijuaka," akasema. "Alimuulizaka mwalimu juu ya nini weye unanyamaza. Mwalimu akamuelezea: mwenye iko mu pneu, habamuhesabu. Baba yako akaniambia tu, 'Kamata kabuti yangu,' akaenda."

Nilimpigia baba simu hapohapo. "Miye?" akasema. "Ile mahesabu yenu nilijua wapi?" Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kama mvua imeshanyesha kwetu.

Miaka yote hiyo nilimwonea aibu kwa sababu hakuelewa ule mstari. Kumbe aliuelewa, na alijua watamcheka. Na kweli walimcheka yeye, wakamcheka mpaka hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mimi ndiye sikuhesabiwa.