Mama Aliyewapokea

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuwatoa wasichana mikononi mwa wanaowauza, hudhani adui yangu ni mwanamume mwenye bunduki na miwani myeusi. Laiti ingekuwa hivyo. Mtu wa namna hiyo ningemchukia bila taabu. Mimi nimechoshwa na mtu anayenipa mkono kila Jumapili baada ya ibada na kuniuliza hali ya watoto.

Mama huyo ana nyumba nzuri kule Shari, mtaa wa mji wetu. Vita vilipowakimbiza watu wa Djugu, alifungua parsele yake, kiwanja chenye nyumba yake, kabla mashirika hayajaleta hata hema moja. Alimpokea mjane na binti zake wawili, akawapa jiko la nje walale humo, akawapa na unga wa kuanzia. Hayakuwa maigizo. Ulikuwa wema wa kweli, na ndiyo maana unaniuma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama huyu hakuwa na shamba mjini. Alikuwa na ndugu mwenye nganda, baa ya wachimba dhahabu karibu na Iga Barrière, basi akamwombea binti mkubwa kazi huko, akiiita kazi ya mgahawa. Mjane alishukuru akipiga magoti. Binti akaosha vyombo, akahudumia walevi, na mengine aliyonisimulia hayataandikwa hapa. Alipodai mshahara wake, aliambiwa mshahara ni lile jiko analolala mama yake.

Nilimtoa mwenyewe, pamoja na polisi mmoja ambaye ilibidi kwanza nimnunulie mafuta ya pikipiki ili aende kumlinda raia. Nikamleta kwenye nyumba tunamowatunza wasichana kama yeye. Siku za mwanzo alikula amesimama, haraka haraka, sikio likiwa nje. Baadaye alikaa kwenye mashine ya kushona, akaanza kunitania. "Mama, weye unapikaka kama mutu wa hospitali," aliniambia siku moja, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Mradi wetu una sheria yake: msichana akipata nafuu, arudishwe katika familia. Imeandikwa vizuri sana na watu wenye nyumba zao. Familia ya huyu ilikuwa bado inalala katika parsele ya aliyemuuza. Nikamwita mjane aje tufungue mashtaka, halafu tumtafutie pa kukaa.

Alikuja, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Nitamushitaki namna gani, mama?" alisema. "Tulikuya na nguo ya mu mwili tu. Batu yetu ya ukoo balitufungia mulango. Yeye alifungua."

"Amemuuza mtoto wako."

"Alitulalisha."

Hasira ilinipanda. Nilimwambia kwamba hata mbuzi hauzwi bila mwenye mbuzi kuulizwa. Hakunijibu kwa ukali. Alinyoosha kitenge chake magotini, kisha akauliza kama binti yake atarudi kazini.

"Hatarudi," nilisema. "Kamwe."

"Basi mudogo yake itabidi abakiye kule."

Nilimuuliza kule wapi, ingawa nilikwisha kujua. Mwenye nyumba alikuwa amempeleka mdogo Iga kujaza nafasi ya dada yake, na mama mzazi ndiye aliyemfungia mzigo. Kwa hiyo siku zote nilizokuwa najisifu moyoni kwamba nimeokoa mmoja, nilikuwa nimewabadilisha tu. Nilimchukia mjane, nikamchukia yule mama wa Jumapili, nami sikujiacha.

Mashine ya kushona nyuma yetu ilikuwa imenyamaza. Binti alikunja kitambaa alichokuwa anakishona, akavichukua viatu vyake.

"Ile nafasi ni yangu," alisema. "Mudogo yangu hajuwi kukataa. Mimi nimeshajuwa."

Nilimwambia nitakwenda mimi, kesho, na polisi, na hakimu nikimpata. Alikuwa anaelekea nje tu, na mama yake hakunyoosha mkono kumzuia.

Nikamtangulia hadi getini, nikalifunga, ufunguo nikautia kifuani. Alisimama mbele yangu na viatu mkononi, macho makavu.

"Mama," alisema, "kule Iga habakunifungiaka mulango hata siku moja."